Jinsi ya kueleza mchezo wako wa utafiti ili mwingine aweze kuuendesha

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu lazima nikutane na sentensi hii, au ndugu yake: "Washiriki walicheza mchezo wa kugawana maji kwa raundi kumi, na maamuzi yao yakarekodiwa." Kisha mwandishi anarukia majedwali. Kalamu yangu husimama hapohapo. Washiriki gani, na walikaaje? Maji yenyewe yalikuwa nini: gololi, maharage au namba kwenye karatasi? Aliyekaa juu ya mfereji alimwona aliyekaa chini? Kanuni alizisoma nani, kwa lugha gani? Walilipwa? Hakuna hata moja lililojibiwa hapo, na matokeo yote yanayofuata yanategemea majibu hayo.

Nimefanya kazi ya michezo ya namna hii Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, kwa miaka, kwanza nikiwa msaidizi wa utafiti, mbeba ubao na msoma maelezo, baadaye nikiwa mwenye mchezo wangu. Siku hizi nasoma zaidi sura za mbinu za watu wengine. Ninayoyaandika hapa ni kwa yeyote aliyetengeneza mchezo wake, wa mezani au wa kwenye simu, ili kupata data, na sasa anatakiwa kuueleza. Dodoso ni rahisi: unaliambatisha nyuma ya ripoti na msomaji analiona lote. Mchezo hauambatishwi hivyo. Uko mezani, katikati ya watu, na mkikunja mkeka umekwisha. Lengo la maelezo yako liwe hili: mtu asiyekujua, aliyeko Kigoma au Kisumu, aweze kuuendesha bila kukupigia simu.

Sema kwanza mchezo una kazi gani

Michezo ya utafiti si ya aina moja, na msomaji akikosea aina atakusoma vibaya mpaka mwisho.

Kuna mchezo wa kupima. Mfano wake mashuhuri ni ule ambao Werner Güth na wenzake waliuendesha Ujerumani na kuuchapisha mwaka 1982: mtu mmoja anapewa fedha, anapendekeza namna ya kugawana na mwenzake, na mwenzake akikataa, wote wawili wanaondoka mikono mitupu. Hapo mchezo ni kama mizani. Kinachotafutwa ni namba: alipendekeza kiasi gani, alikataa kiasi gani.

Kuna mchezo wa kuwafanyisha watu kazi ya utafiti yenyewe. Foldit, uliotoka Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, unawapa wachezaji protini wazikunje kwenye kompyuta, na mwaka 2011 wachezaji wake walisaidia kupata umbo la kimeng'enya cha kirusi cha nyani kilichokuwa kimewashinda wanasayansi kwa miaka mingi. Mchezaji pale si mtu anayepimwa.

Na kuna mchezo wa kuzungumzisha watu. Huu wa tatu kwetu una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, alibuni mchezo wa bonde la mto kutokana na kazi aliyoifanya Usangu, wakati watu wakigombea maji ya mito inayolisha Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mchezo ni ubao mkubwa wa mbao ulioinamishwa. Katikati yake mna njia inayowakilisha mto, pembeni mna matoleo ya kwenda mashambani, na chini kabisa kuna ardhi oevu. Maji ni gololi za kioo. Mchezaji anaweka kijiti kukinga mto, kama banio, ili gololi zigeuke ziingie kwenye vishimo vya shamba lake. Zilizobaki zinaendelea kushuka. Mkulima hahitaji kuelezwa zaidi: akiona gololi zote zimeishia kwa watu wa juu, mazungumzo yanaanza yenyewe.

Mchezo wa kupima unadai maelezo makali ya kanuni, kwa sababu kanuni ikilegea kipimo kimelegea. Mchezo wa kuzungumzisha unadai zaidi maelezo ya mwezeshaji: aliuliza nini, lini, na baada ya nini. Wanafunzi wengi wanaoniletea kazi wamechanganya viwili bila kujua. Wamewaacha watu wajadiliane kati ya raundi, kisha wanachambua raundi zote kumi utadhani kila mtu aliamua peke yake. Kuchanganya hakukatazwi. Andika tu ni raundi zipi zilikuwa za kimya na zipi zilifuatia majadiliano.

Kifaa kimoja kimoja

Nitautumia mchezo wangu mwenyewe kama mfano. Tuuite mchezo wa banio. Wapo wachezaji watano waliopangwa kwa kufuata mfereji, wa kwanza akiwa karibu na mto na wa tano akiwa mwisho wa mfereji. Mifupa yake imeazimwa kutoka kwenye mchezo wa umwagiliaji wa Marco Janssen, John Anderies na Juan-Camilo Cárdenas, ambao uliendeshwa kwenye maabara na pia vijijini Colombia na Thailand. Hilo nalitaja mapema, halafu nasema nilichobadilisha: wao wana mgao wao wa maji, mimi nina wangu, mimi natumia vifaa vya kushikwa mkononi. Usione haya kuazima. Msomaji anayeufahamu mchezo wa asili anaokoa nusu saa ya kusoma ukimwambia tofauti zako ziko wapi, na matokeo yako yanaweza kuwekwa kando ya ya wengine.

Kisha eleza vifaa, na kila kifaa kiandikwe pamoja na kitu kinachowakilishwa nacho. Vizibo vya soda ni nguvukazi na fedha za kusafisha mfereji. Kopo la maziwa ya unga lenye tundu kwenye kifuniko ni mfuko wa kikundi. Gololi ni maji. Kipande cha boksi kilichosimamishwa mbele ya kila mchezaji ni pazia. Ubao alinitengenezea fundi wa Igurusi kwa plaiwudi, na ndani ya maelezo kuna vipimo vyake, mwinuko wa upande wa juu, upana wa njia ya gololi na mchoro. Upana huo usiuache. Gololi za dukani huja mchanganyiko, na ile kubwa ikikwama kwa mchezaji wa pili, wa tatu ataonekana kwenye data kuwa mtu asiyependa maji. Andika ukubwa wa gololi zako na kwamba ulizichambua kabla.

Picha moja iliyopigwa kutoka juu, wachezaji wakiwa hawapo, inatosha. Picha za watu wakicheka mezani zipeleke kwa mfadhili.

Sehemu hii wengi wanaiandika vizuri, ila wanasahau upande wake wa pili: uliyoyaacha kwa makusudi. Mchezo wangu hauna mvua. Hauna mashine za kusukuma maji, hauna vinyungu (bustani za bondeni), hauna ng'ombe wanaoshuka kunywa na kubomoa kingo. Usangu ina hivyo vyote. Nimeviondoa kwa sababu swali langu ni moja, watu wa juu wanafanya nini wakijua wa chini nao wamesaidia kusafisha mfereji, na kila nilichoongeza kilitia ukungu kwenye swali hilo. Aya fupi ya namna hii inamzuia msomaji asikuulize kwa nini mchezo haufanani na shamba. Haukukusudiwa kufanana.

Raundi moja, toka mwanzo hadi mwisho

Hapa ndipo pa kutumia karatasi. Kanuni zikiandikwa kama sheria za bunge hazisomeki. Raundi moja ikisimuliwa kwa namba, msomaji anaelewa na anaweza kukagua hesabu zako. Mimi huandika namna hii:

Kila mchezaji anaanza raundi na vizibo 10. Nyuma ya pazia lake anaamua vingapi atie kwenye kopo, na vinavyobaki ni vyake. Msimamizi anapitisha kopo kuanzia kwa mchezaji wa tano kwenda kwa wa kwanza, kisha anahesabu mbele ya wote na kutangaza jumla tu. Jumla ikiwa 0 hadi 10, banio halifanyi kazi na hakuna maji. Ikiwa 11 hadi 20, zinaachiliwa gololi 10. Ikiwa 21 hadi 30, gololi 40. Ikiwa 31 hadi 40, gololi 70. Ikiwa 41 hadi 50, gololi 100. Mchezaji wa kwanza anachukua anazotaka, zinazobaki zinashuka kwa wa pili, na kuendelea. Mwisho wa raundi kila kizibo alichobaki nacho mchezaji ni pointi moja, na kila gololi ni pointi moja.

Tuseme wa kwanza alitia vizibo 4, wa pili 6, wa tatu 5, wa nne 8 na wa tano 7. Jumla ni 30, kwa hiyo gololi 40. Wa kwanza anachukua 15, wa pili 12, wa tatu 8, wa nne 5, na wa tano hakuti kitu. Pointi zao ni 21, 16, 13, 7 na 3. Ukijumlisha unapata 60, yaani vizibo 20 vilivyobaki mikononi na gololi 40.

Mfano huu una kazi mbili. Kwanza unaonyesha kishawishi kilipo: kizibo kimoja zaidi kingeipeleka jumla 31 na kuleta gololi 30 zaidi, lakini anayekitia hajui kama ndicho kinachokosekana. Pili unafichua makosa ya hesabu kwenye kanuni kabla mwingine hajayafichua. Chagua mfano ambao haukutokea kwenye data yako, na useme hivyo, msomaji asije akafikiri ni kundi halisi.

Baada ya raundi, andika aya ya nani anajua nini na wakati gani. Hii ndiyo aya inayokosekana mara nyingi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwenye mchezo wa banio, hakuna anayejua mwenzake katia vizibo vingapi. Wote wanajua jumla. Anayechukua gololi anajua ngapi zimemfikia, kwa hiyo wa tano anajua wanne wa juu wamechukua ngapi kwa pamoja, lakini hajui ni nani hasa kamwacha mkavu. Wa kwanza hajui zilizomfikia wa tano mpaka zitangazwe, na kwangu hazitangazwi. Je, wanajua kuna raundi ngapi? Wangu wanaambiwa 10 tangu mwanzo. Wasingeambiwa, raundi ya mwisho ingekuwa na sura nyingine, maana mtu anayejua hakuna kesho anagawa tofauti na anayedhani kesho ipo. Kama uliwaambia, andika. Kama hukuwaambia ila walibahatisha kwa kuhesabu fomu zilizobaki mezani kwako, andika hilo pia.

Maneno yaliyosemwa mezani

Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na sura za mbinu zimejaa nayo: walielezwa, waligawiwa, walipangwa. Na nani? Rudisha mtenda. "Msaidizi wa kike, mwenyeji wa wilaya jirani, alisoma maelezo kwa Kiswahili, kisha akayarudia kwa Kisangu kwa wazee wawili walioomba." Sasa tunajua kitu.

Maelezo yenyewe waliyosomewa wachezaji yawekwe kamili kwenye kiambatisho, katika lugha iliyotumika, neno kwa neno. Nimeona ripoti zenye maelezo ya Kiingereza tu, wakati kikao kizima kiliendeshwa kwa Kiswahili; kilichoambatishwa pale hakuna mchezaji hata mmoja aliyekisikia. Kama ripoti yako ni ya Kiingereza, weka Kiswahili kwanza, tafsiri baadaye.

Jina uliloupa mchezo mbele ya watu ni sehemu ya mchezo. Varda Liberman, Steven Samuels na Lee Ross walionyesha hilo mwaka 2004: watu wa aina ileile, kanuni zilezile, fedha zilezile, lakini kundi moja likiambiwa linacheza "mchezo wa Wall Street" na jingine "mchezo wa jamii". Kwenye la kwanza kama theluthi moja walishirikiana, kwenye la pili kama theluthi mbili. Na wakati mwingine watu hawasubiri uwape jina. Jean Ensminger alipopeleka kwa Waorma wa Kenya mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, wao wenyewe waliutambua wakauita mchezo wa harambee. Wakati huo huwezi tena kusema mchezo hauna muktadha. Kwa hiyo andika majina mawili: ulilotumia wewe, na walilotumia wachezaji walipokuwa wakisimuliana nje.

Vilevile andika mifano uliyotumia kufundisha. Ukitoa mfano wa mtu aliyetia vizibo 8, raundi ya kwanza utaviona 8 vingi. Mimi natoa mifano mitatu, mmoja wa kutia vichache, mmoja wa kati na mmoja wa vingi, na mpangilio wake unabadilika kutoka kundi hadi kundi. Kwenye maelezo nasema hivyo, nasema pia kuna raundi mbili za mazoezi zisizolipwa, na maswali manne ya kupima uelewa ambayo kila mchezaji anajibu peke yake kwa msaidizi, pembeni. Asiyejibu sawa anaelezwa upya. Asiyejibu sawa mara ya pili anacheza, analipwa, lakini fomu yake ina alama. Wengine humtoa. Uamuzi wowote ni sawa mradi usomeke.

Kama kuna jambo uliwaficha wachezaji au uliwadanganya, liandike waziwazi. Kwenye Cyberball, mchezo wa kurushiana mpira kwenye skrini ambao Kipling Williams alianza kuutumia kuchunguza kutengwa, mchezaji anaambiwa anacheza na watu wengine kumbe wale wengine ni programu iliyopangwa kuacha kumrushia. Hilo linajulikana kwa sababu limeandikwa, pamoja na namna ya kumweleza mchezaji ukweli mwishoni. Wachumi wa majaribio kwa upande wao hawakubali kabisa kudanganya. Mimi naegemea kwao. Ukimdanganya mtu kijijini, mtafiti anayefuata ndiye atakayelipa.

Watu na fedha

Idadi, umri na jinsia vinaandikwa na kila mtu, sitakaa hapo. Vinavyosahaulika ni uhusiano. Wachezaji watano wa kijiji kimoja wanaweza kuwa shemeji, mdaiwa, mwenyekiti wa kamati ya mfereji na mama mkwe. Mimi naomba orodha ya wanachama wa jumuiya ya watumia maji, napiga kura ya majina, na wawili wa kaya moja wakitoka, mmoja anahamishiwa kikundi kingine. Mahali pa kukaa kwenye mfereji panapatikana kwa kura ya vikaratasi kwenye kofia, mbele ya wote. Naandika pia kama mtu aliyepata nafasi ya kwanza ana shamba juu au chini kwenye mfereji wa kweli. Mkulima wa chini akipata kukaa juu hata kwa asubuhi moja, mambo anayoyafanya yanastahili safu yake kwenye data.

Fedha zieleze kwa sarafu na kwa kipimo cha maisha. Kwangu pointi moja ni shilingi 50. Msomaji wa Nairobi au wa Oslo haelewi hilo mpaka nimwambie kwamba mchezaji wa kawaida hupata kiasi kinachokaribia ujira wa kibarua wa siku shambani, na kwamba posho ya kufika inalipwa pembeni hata kwa aliyekosa pointi. Joseph Henrich na wenzake walipopeleka mchezo wa mapendekezo, ule wa Güth, kwenye jamii ndogo 15, wakiwemo Wahadza na Wasangu wa Tanzania na Waorma wa Kenya, walijitahidi dau lilingane na ujira wa siku moja au zaidi mahali husika. Bila hivyo wasingeweza kulinganisha chochote. Na walichokipata, mapendekezo ya kuanzia wastani wa asilimia 26 ya fedha kwa Wamachiguenga wa Peru hadi asilimia 58 kwa watu wa Lamalera, Indonesia, kisingekuwa na maana. Huko Papua New Guinea kulikuwa na waliokataa hata kupewa zaidi ya nusu, kwa sababu zawadi kubwa huleta deni. Namba peke yake isingesema hilo. Lilisemwa na maelezo ya mahali.

Andika lini walilipwa, kwa mkono au kwa simu, na nani aliona. Malipo ya simu yana makato, na anayelipwa mbele ya watu ana wa kumkopa kabla hajafika nyumbani. Mimi nalipa mmoja mmoja, ndani ya bahasha, chumbani.

Halafu kuna hili la kamari. Kura, gololi, fedha mezani: mchungaji au shehe akipita lazima aulize, na ana haki. Andika kwenye maelezo kwamba hakuna mchezaji anayeweka fedha yake mwenyewe wala anayeweza kuondoka na hasara, na kwamba liliwekwa wazi kabla ya ridhaa. Palepale taja kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, au leseni ya NACOSTI, tume kama hiyo, ukiwa Kenya, idhini ya kamati ya maadili, na kwamba ofisi ya kijiji ilipewa barua. Sentensi mbili zinatosha.

Mchezo ukiwa kwenye simu

Kijana mmoja aliniuliza, "Madam, hii si programu? Wapakue tu wajionee." Programu itapakuliwa mwaka huu. Baada ya miaka mitano simu mpya zitaikataa, au seva itakuwa imezimwa kwa sababu ada haikulipwa, na kitakachobaki ni maandishi yako. Kwa hiyo andika toleo la programu, aina ya simu na ukubwa wa kioo, kama ilihitaji intaneti, nini kiliwekwa kwenye kumbukumbu na kila baada ya muda gani, na nini kilipangwa kwa nasibu. Piga picha ya kila skrini ambayo mchezaji anaamua kitu. Weka msimbo mahali pa kudumu kama unaruhusiwa.

La kuwa makini nalo zaidi ni ustadi wa vidole. Aliyezoea michezo ya simu atamshinda bibi yake hata kama bibi anajua njia za Mbarali zote kwa kichwa. Sea Hero Quest, uliotoka mwaka 2016 na kuchezwa na zaidi ya watu milioni 4, ulililenga tatizo hili vizuri. Mchezaji anaonyeshwa ramani, inaondolewa, naye anaendesha mashua kutafuta vituo kwa mpangilio. Watafiti, akiwemo Hugo Spiers wa chuo cha UCL, London, walitaka kujua uwezo wa kutafuta njia. Hatua mbili za mwanzo hazikuhitaji kukumbuka njia yoyote. Zilitumika kupima jinsi mtu anavyoimudu mashua yenyewe, ili kiasi hicho kizingatiwe kwenye hesabu za hatua zinazofuata. Baadaye walilinganisha matokeo ya mchezo na watu waliotembea kutafuta njia kweli katika mitaa ya London na Paris. Mambo hayo mawili, namna ulivyotenga ustadi wa simu na namna ulivyolinganisha mchezo na maisha, yape aya zake. Kama hukuyafanya, sema mchezo wako unapima nini na uishie hapo.

Mapambo nayo yaeleze. Nyota, sauti ya pongezi, jedwali la washindi: kwa mwenye kutengeneza ni burudani, kwa msomaji ni motisha iliyoingizwa kwenye jaribio bila kutajwa.

Matoleo, na yasiyokuwa kwenye kanuni

Hakuna mchezo unaofika kijiji cha mwisho ukiwa vilevile kama kijiji cha kwanza. Yape matoleo namba, na kila kundi kwenye data liwe na namba ya toleo lililochezwa. Mchezo wa banio ulianza na maharage mahali pa gololi. Watu walikuwa wakiyahesabu taratibu mno na kuku walikuwa na maoni yao. Badiliko kama hilo linatajwa kwa sentensi moja: nini kilibadilika, kwa nini, kuanzia kundi lipi. Data ya majaribio ya awali usiichanganye na ya mwisho.

Msaidizi mmoja asiyesimamia mchezo awe na daftari la meza. Humo anaandika yaliyotokea ambayo hayamo kwenye kanuni: mvua iliyopiga bati mpaka jumla haikusikika, mchezaji aliyeitwa nje na kurudi raundi mbili baadaye, mwenyekiti wa kijiji aliyekuja kusalimia akakaa. Huyo wa mwisho ni wa kuangaliwa sana, maana kopo hupata vizibo vingi likitazamwa na mkubwa. Kwenye ripoti hayaingii yote. Yanaingia yaliyogusa maamuzi, kundi kwa kundi, pamoja na ulichoamua kuhusu data ya kundi hilo.

Mpangilio ninaopendekeza kwa tasnifu ni kurasa mbili au tatu ndani ya sura ya mbinu, zenye kazi ya mchezo, raundi moja, nani anajua nini, watu, fedha. Mengine yote, yaani maelezo neno kwa neno, vipimo vya ubao, fomu, maswali ya uelewa, orodha ya matoleo, yaende kiambatisho. Mkaguzi mwenye haraka atasoma kurasa mbili. Anayetaka kurudia utafiti wako atasoma kiambatisho kwa rula mkononi.

Ukimaliza kuandika, mtafute mwenzako asiyeufahamu mchezo, mpe karatasi na mfuko wa vifaa, mkusanyie watu watano wowote, hata wa hosteli, kisha kaa pembeni. Usimsaidie. Kila atakapokugeukia kuuliza, andika swali lake bila kumjibu, naye aamue mwenyewe la kufanya na aendelee. Uamuzi wake nao uandike, kwa sababu ndivyo wengine watakavyousoma mchezo wako mahali ulipoacha pengo. Maswali yale yajibu kwenye maandishi, halafu karatasi mpya impe mtu mwingine. Mwenzako huyo wa kwanza hafai tena kwa jaribio hili, ameshaujua mchezo.